Mvua, Joto na Mtaji wa Mama Lishe

Biashara ya mama lishe hutegemea hali ya hewa kwa namna ambayo mteja aliyeketi kwenye benchi haoni kwa urahisi. Wali unaofika mezani saa sita mchana ulianza kushughulikiwa tangu saa tisa usiku: mkaa ukatafutwa ulio mkavu, maji yakanunuliwa kwa ndoo, nyanya zikachaguliwa kwa tochi ya simu katika soko la Mabibo au Ilala, samaki wakagombewa kwenye mnada wa Feri. Kila kimoja kati ya vitu hivyo hupanda bei, huharibika au hukosekana mvua inapozidi au inapogoma kunyesha. Mteja naye yumo katika hesabu hiyo hiyo. Fundi ujenzi, mbeba mizigo na dereva wa bodaboda hawana fedha ya chakula siku ambayo mvua imewanyima kazi.

Dar es Salaam, jiji ambalo sensa ya mwaka 2022 ililikuta na watu zaidi ya milioni 5.3, hulishwa kwa kiasi kikubwa na kazi za namna hii. Shirika la Kazi Duniani (ILO), katika takwimu zake za mwaka 2018, lilikadiria kuwa zaidi ya watu 85 kati ya kila 100 wanaofanya kazi barani Afrika wako katika sekta isiyo rasmi. Kwa wanawake peke yao idadi hiyo inakaribia 90. Ndani ya sekta hiyo wanaume na wanawake hawauzi vitu vilevile. Machinga mwanamume mara nyingi huuza nguo, viatu, vifaa vya simu au vyombo vya plastiki, bidhaa ambazo zikilowa huanikwa na zikikosa mteja leo hungoja kesho. Wanawake wamejazana kwenye chakula: wali, chapati, maandazi, uji, mboga za majani, matunda, samaki wa kukaanga. Chakula hakingoji. Tofauti hiyo moja inaeleza mengi kuhusu namna mabadiliko ya tabianchi yanavyowagusa wanawake kabla ya waume zao na kaka zao.

Maelezo yanayofuata yametokana kwa sehemu kubwa na kumbukumbu za kaya moja ya Kigogo, upande unaotazama Mto Msimbazi. Mama wa kaya hiyo aliwapikia mafundi gereji kwa miaka mingi. Binti yake wa kwanza aliosha vyombo kabla ya kwenda shule, akakabidhiwa daftari la madeni mara alipojua kuandika, na baadaye akayaweka kwenye karatasi aliyoyaona. Kaya hiyo haikuwa na upekee wowote, na hiyo ndiyo thamani ya kumbukumbu zake: majirani waliopakana nayo wangeweza kusimulia hayo hayo.

Mtaji wa mama lishe huzunguka kwa siku moja. Fedha ya wali wa mchana hununua mchele wa kesho, na kinachobaki baada ya kutenga mchele, mafuta, mkaa na maji ndicho huitwa faida. Katika kaya ya Kigogo fedha yote ilikaa ndani ya kopo la maziwa ya unga, chini ya kitanda. Kopo hilo ndilo lililotoa mchele wa biashara, dawa ya mtoto, kodi ya chumba na nauli ya shule. Baba alikuwa na mfuko wake. Alipopata kibarua alitoa, alipokosa hakutoa, na hakuna jirani aliyeona ajabu. Mama hakuwa na ruhusa ya kukosa. Watoto walikula kila siku, ama kutoka kwenye faida, ama kutoka kwenye mtaji wenyewe.

Siku ya mvua kubwa utaratibu huo ulijionyesha wazi. Mama aliamka akapika kama kawaida, kwa kuwa alfajiri anga ilikuwa kimya. Saa nne mvua ikashuka. Gereji hazikufunguliwa, maana gari haipigwi rangi wala haichomelewi kwenye maji, na bodaboda wakajibanza kwenye vibaraza vya maduka. Sufuria ya wali ikabaki robo tatu. Jioni watoto walipakuliwa wali wa biashara pamoja na maharage na mchuzi, wakala mpaka wakashiba kuliko siku nyingine zote. Binti alikuja kutambua baadaye sana kwamba siku za shibe nyumbani kwao ndizo siku ambazo mama hakuzungumza. Kesho yake alipika nusu ya kawaida, kwa sababu nusu nyingine ilikuwa imeliwa.

Hasara ya aina hii hutokea bila mafuriko yoyote. Haimwagi tope ndani ya nyumba wala haileti wapiga picha. Mvua ya saa tano inatosha. Ikijirudia mara tatu au nne kwa mwezi, hutafuna mtaji kimyakimya mpaka mwenye biashara anashangaa kwamba anafanya kazi zaidi na anabaki na kidogo zaidi.

Pwani ya Tanzania ina misimu miwili ya mvua: masika, kati ya Machi na Mei, na vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Wauza chakula wakongwe walipanga mwaka wao kwa kuifuata. Masika ilikuwa wakati wa kupunguza mapishi, kurudi kijijini kuona wazazi, au kugeukia maandazi na uji wa asubuhi ambao mteja huununua hata akiwa na mwamvuli. Kinachobadilika sasa ni kuaminika kwa ratiba hiyo. Vuli ya mwaka 2019 ilileta mvua nyingi kupita kiasi baada ya maji ya Bahari ya Hindi upande wa Afrika kupata joto kuliko ya upande wa Indonesia. Mwishoni mwa mwaka 2023 hali hiyo ilikutana na El Niño, na mvua nzito zikarudi tena hadi masika ya 2024. Mapema Mei mwaka huo kimbunga Hidaya kikafika Mafia, jambo ambalo pwani hii hulishuhudia kwa nadra sana. Katikati ya vipindi hivyo vya gharika palikuwa na ukame.

Mafuriko ya jiji hayatokani na tabianchi peke yake, na ni haki kulisema hilo. Watafiti wa kundi la World Weather Attribution waliochunguza mvua za Machi hadi Mei 2024 Afrika Mashariki walikadiria kuwa ongezeko la joto duniani lilizidisha ukali wa mvua hizo kwa takriban asilimia 5, na wakataja pia mchango wa miji inayopanuka kwa kasi. Mwanamke wa Kigogo angeongeza aliyoyaona kwa macho yake: mtaro uliozibwa kwa chupa na matairi, nyumba mpya iliyofunga njia ya maji, na mchanga unaoporomoshwa kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe ambako mto huanzia, ukiinua kitako cha mto mwaka hadi mwaka. Mvua iliyozidi kidogo, ikiangukia mto uliokwisha kujaa mchanga, huwa imezidi sana kwa anayeishi ukingoni.

Mvua za tarehe 20 hadi 22 Desemba 2011 ndizo zilizobaki katika kumbukumbu za bonde zima la Msimbazi. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilieleza kuwa mvua ya kiasi hicho haikuwahi kuonekana Dar es Salaam tangu mwaka 1954. Watu takriban 40 walikufa, na maelfu wakakosa pa kulala Jangwani, Suna, Kigogo na kwingineko. Katika chumba cha kaya hii maji yaliingia kwa mlango wa nyuma kabla ya alfajiri, kwanza kama ubaridi chini ya kapeti la plastiki, kisha sufuria zikaanza kuelea na kugongana gizani. Mama alimnyanyua kwanza mtoto mdogo, kisha kopo, kisha mfuko wa unga wa ngano aliokuwa ameununua kwa ajili ya maandazi na chapati za Krismasi. Kwenye mfuko alikuwa amechelewa. Unga wa chini ulikuwa umekwisha kunywa maji na kuwa gundi. Mkaa ulilowa wote. Jiko la udongo lililojengewa ndani ya debe lilimeguka, likabaki debe. Benchi za wateja zilipatikana siku chache baadaye zimekwama kwenye migomba mbali na nyumba. Moja ikarudi, nyingine ilikuwa imekwisha kupasuliwa kuni.

Waliokuja kuandikisha waathirika waliuliza nyumba ni ya nani. Mama alikuwa mpangaji. Waliuliza ni vitu gani vya ndani vimepotea, wakaandika godoro, redio na nguo. Hakuna aliyeuliza habari za mtaji, naye hakuona pa kuutaja, kwa kuwa siku ile fedha ya kopo ilikuwa bado mkononi mwake. Ilipotea katika majuma yaliyofuata, tope likiwa linakombwa, wateja wakiwa wamehamia kwa wapishi wa mtaa wa juu, na kopo likitoa kila siku bila kuingiziwa kitu. Madeni ya daftarini nayo yaliondoka na wadaiwa. Mafundi kadhaa walirudi mikoani na hawakuonekana tena. Kaya iliokoka mafuriko, biashara ikafa mwezi mmoja na nusu baadaye.

Takwimu za taifa zina pengo hilo hilo. Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kuwa mvua za msimu huo zilikuwa zimeua watu 155, akataja pia nyumba, mazao, madaraja na barabara zilizoharibika. Taarifa hiyo ilikuwa ya lazima, na hakuna hasara inayoweza kuwekwa kwenye mizani na uhai wa mtu. Hata hivyo siku za kazi zilizopotea na mitaji iliyokatika kwa wauza chakula hazina safu katika jedwali la aina hiyo. Mwanamke ambaye nyumba yake imesimama na watoto wake wako hai huhesabiwa kuwa hakupatwa na kitu.

Joto huua biashara polepole zaidi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limeutangaza mwaka 2024 kuwa wenye joto kali kuliko yote iliyowahi kupimwa duniani, takriban nyuzi 1.55 za Selsiasi juu ya wastani wa zama za kabla ya viwanda. Dar es Salaam joto la kutwa kati ya Desemba na Machi huchanganyika na unyevu wa bahari, kiasi kwamba jasho halikauki mwilini. Kwenye genge athari yake huonekana kwanza kwa nyanya. Mwenye genge huchagua tenga lenye nyanya ngumu, zenye rangi ya machungwa zaidi kuliko nyekundu, akitegemea ziive kidogo kidogo huku akiuza. Februari huiva zote kwa pamoja. Jioni ya pili zimelainika na kupangwa mafungu ya bei ya chini. Asubuhi inayofuata ni masalo, na mama lishe anayapata kwa bei ya kutupa kwa ajili ya rojo la maharage. Mchicha na matembele hunyunyiziwa maji mara kwa mara ili yasisinyae, na maji hayo hununuliwa. Mkaanga samaki aliyekosa barafu hukaanga mara ya pili ili samaki asiharibike. Huongeza mafuta na mkaa kwa samaki ambaye bei yake haitaongezeka.

Mwili wa mpishi hukaa kati ya joto mbili, la bati juu ya kichwa na la mkaa mbele ya tumbo. Mjamzito hana likizo; anapika mpaka siku anazoshindwa kuinama. Jambo moja linalotajwa mara chache ni choo. Vyoo vya masokoni na vituoni ni vya kulipia, vingine viko mbali, na mwanamke hawezi kuacha moto, fedha na chakula bila mtu. Kwa hiyo wengi hunywa maji kidogo makusudi, katika saa ambazo mwili unayahitaji zaidi. Maumivu ya kichwa na maradhi ya njia ya mkojo yamekuwa sehemu ya kazi yao kiasi kwamba hawayaiti ugonjwa. Mama wa Kigogo alikunywa maji yake yote usiku, baada ya kufunga.

Ukame nao huja mjini kwa njia ya ndoo. Oktoba 2022 kina cha Mto Ruvu, unaolipatia jiji sehemu kubwa ya maji yake, kilishuka sana na mgao wa maji ukatangazwa. Mwenye kisima cha kuchimba alipandisha bei, msukuma mkokoteni akapandisha yake, na mama lishe, ambaye hawezi kuosha mchele wala sahani kwa ahadi, akalipa. Hawezi kuipitisha gharama hiyo kwa mteja, kwa sababu bei ya sahani ya wali inajulikana mtaa mzima. Anachoweza kupunguza ni nyama kwenye mchuzi au usingizi wake. Katika kaya nyingi usingizi unaopunguzwa ni wa binti, anayeamshwa kupanga foleni bombani kabla ya shule. Maji yakiwa haba, sahani huoshwa kwenye beseni moja kutwa nzima, na hapo maradhi hupata mlango. Kipindupindu kilipolikumba jiji kuanzia Agosti 2015, kuuza chakula na matunda yaliyokatwa kando ya barabara kulizuiwa. Hatua ile ilikuwa na sababu. Waliolipa gharama yake walikuwa wanawake waliokosa maji safi kabla ya kukosa kazi.

Kinga ya kwanza ya wafanyabiashara hawa wameijenga wenyewe. Kuna mchezo, au upatu, ambapo kijumbe hupita kila jioni kukusanya kiasi kilichokubaliwa na kila mwanachama hupokea kwa zamu. Kuna VICOBA, ambako wanachama hununua hisa kila wiki, hukopeshana, na kuweka kando mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa, fedha zikikaa kwenye sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu. Taasisi hizi zimesomesha watoto wengi na kuzika wafu kwa heshima, tena bila ofisi wala karani. Zinafanya kazi kwa sababu shida za kawaida huja kwa zamu. Leo anauguliwa huyu, mwezi ujao anafiwa yule. Wenye afya huwabeba waliopatwa, na aliyebanwa huomba kubadilishana zamu na mwenzake.

Mvua haina zamu. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 kila mwanachama wa mchezo wa mama yule alikuwa na tope chumbani. Wote walihitaji kupokea siku ile ile, na hakukuwa na wa kutoa. Kijumbe, mwanamke mtu mzima aliyeaminiwa na mtaa mzima, alizunguka na daftari lake na kurudi mikono mitupu. Aliyekuwa zamu yake alimfuata nyumbani na kumtuhumu mbele ya watoto wake. "Jamani, nitamdai nani? Wote tumelowa," alijibu. Mchezo ulivunjika, na watu waliokuwa wamekopeshana chumvi kwa miaka wakaacha kusalimiana.

Hapa ndipo kumbukumbu za kaya hii zinafundisha kitu ambacho hakionekani haraka katika mipango ya kuwakinga wafanyabiashara. Mama alirudi kwenye kazi kwa msaada wa chama kingine, cha wanawake waliotoka wilaya moja ya nyumbani na kukutana mara moja kwa mwezi. Wanachama wake walitawanyika: wengine Mbagala, wengine Kimara, mmoja Chanika, wengine Tegeta. Mafuriko ya Msimbazi yaliwakuta wawili tu. Chama kilimkopesha mchele, mafuta na fedha ya jiko, naye akalipa kidogo kidogo kwa muda mrefu. Umoja wa watu wa mtaa mmoja una nguvu ya kufahamiana na kudaiana. Umoja wa watu waliotawanyika una nguvu ya kubaki mkavu upande mmoja. Mwanamke aliye katika vyote viwili ana nafasi nzuri zaidi ya kuinuka, na kikundi cha soko moja kinachojiunga na kikundi cha soko lililo mbali, hata kwa mfuko mdogo wa dharura tu, hukipata kile ambacho sanduku lake peke yake haliwezi kutoa.

Asiye na chama kilichotawanyika huangukia mikopo ya kausha damu. Fedha hutoka siku hiyo hiyo, dhamana ikiwa ni friji, kitanda au televisheni, na marejesho huanza kesho yake. Marejesho hayajui mvua. Siku isiyo na wateja hulipwa kutoka kwenye mtaji, na ikifuatana na nyingine hulipwa kwa mkopo wa pili. Ipo mikopo ya halmashauri isiyo na riba, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni mpango mzuri. Ulisitishwa Aprili 2023 ili kurekebisha utaratibu wake, ukarejeshwa mwaka 2024. Unahitaji kikundi kilichosajiliwa, katiba, akaunti ya benki na vikao vingi, mambo ambayo mwanamke anayekomba tope hana muda nayo. Wakati wa dharura mkopo huo ungekuwa na maana zaidi kama kikundi kilichokwisha kusajiliwa kingeruhusiwa kusogeza marejesho mbele pale mamlaka inapotangaza mafuriko katika kata yake.

Serikali imejibu mafuriko ya bonde kwa kuhamisha watu na kwa ujenzi. Waliokumbwa na mafuriko ya 2011 walipewa viwanja Mabwepande, takriban kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Kwa nyumba ulikuwa wokovu; maji hayafiki huko. Kwa anayeuza chakula kwa mafundi na wabeba mizigo, kilomita 30 ni kumpoteza kila mteja aliyemjua jina, na nauli ya kumfuata ingemeza faida. Baadhi walirudi mjini kupanga vyumba karibu na maji yale yale, na wakaitwa wakaidi. Ingefaa kuwaelewa kuwa watu waliolinganisha hatari mbili na kuchagua ile inayokuja mara moja kwa miaka kadhaa kuliko njaa ya kila siku.

Mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, ni mkubwa zaidi: kuchimba na kupanua mto, kuinua daraja la Jangwani, kugeuza sehemu za bonde kuwa bustani na kulipa fidia wanaoondolewa. Swali la fidia linastahili kutazamwa kwa makini. Kanuni za mwaka 2001 za kukadiria fidia ya ardhi zinatambua faida inayopotea ya biashara, na zinaikokotoa kwa kuzidisha faida halisi ya mwezi kwa miezi 36, ikithibitishwa pale inapohitajika na hesabu zilizokaguliwa. Mama lishe hana mkaguzi. Ana daftari la madeni lenye majina ya utani ya wateja, na pengine miamala ya simu. Tathmini isiyokubali ushahidi wa aina hiyo humlipa mwenye nyumba na kumwacha mpangaji aliyepika kibarazani kwake miaka yote.

Uhamisho wa machinga wa Oktoba 2021 ulikuwa na mwelekeo kama huo, ingawa sababu yake ilikuwa kusafisha barabara na hifadhi zake. Viongozi waliagizwa kuwapanga wafanyabiashara bila vurugu, na maeneo yakatengwa. Muuza viatu angeweza kuhamia ndani ya soko na kumngoja mteja. Anayepika kwa mkaa huhitaji hewa, maji, pa kumwaga majitaka, na wateja walio umbali wa kutembea kwa miguu saa ya chakula. Soko lisilo na vitu hivyo si soko kwake. Vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilivyoanza kutolewa Desemba 2018 kwa shilingi 20,000 vilimpa heshima ya kutobughudhiwa kwa muda. Kinga ya mvua havikuwa nayo.

Katika nishati jambo linaendelea vizuri zaidi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034, na mama lishe wengi wamegawiwa majiko ya gesi. Faida yake kwa mapafu na misitu haina ubishi. Masika huongeza sababu nyingine: mkaa wa Rufiji na Handeni hukwama barabarani, hufika umelowa na kuuzwa ghali, wakati gesi haibadiliki kwa mvua. Kikwazo ni kujaza mtungi. Mkaa hununuliwa kwa kopo au kwa mfuko wa rambo, kulingana na fedha iliyopo asubuhi hiyo. Mtungi hudai fedha ya wiki kadhaa kwa mkupuo. Wengi hupika wali na kukaanga kwa gesi, kisha hurudisha maharage kwenye mkaa. Gesi ya kulipia kwa kadiri unavyotumia, kwa kupima kwa mita, inawafaa zaidi kuliko jiko la bure lenye mtungi mtupu.

Kwingineko wafanyabiashara wanawake wamejaribu njia zinazolingana na kazi yao. Katika jimbo la Gujarat nchini India, chama cha SEWA, kilichoanzishwa Ahmedabad na Ela Bhatt mwaka 1972, kina bima ya joto: halijoto ikivuka kiwango kilichokubaliwa kwa siku zilizopangwa, wanachama hulipwa bila kudai wala kuonyesha hasara, na mwaka 2024 maelfu walilipwa. Freetown, Sierra Leone, ilimteua afisa mkuu wa masuala ya joto, Eugenia Kargbo, mwaka 2021, na miongoni mwa kazi za mwanzo za afisa huyo ilikuwa kufunika masoko ya wanawake kwa vivuli. Dar es Salaam bima ya joto la kiwango cha Gujarat haitakuwa na kazi, kwa kuwa jiji halifiki huko. Kipimo kinacholingana na biashara ya hapa ni milimita za mvua ndani ya saa chache, au siku mfululizo za mvua ya mchana, maana hizo ndizo zinazoondoa mteja hata pale ambapo nyumba imebaki kavu.

Utabiri wa hali ya hewa umekuwa bora na umefika kwenye simu. Binti wa Kigogo, ambaye sasa anapika mwenyewe, huusoma usiku kabla ya kuamua kiasi cha mchele wa kuloweka. Utabiri ukitaja mvua ya mchana, hupunguza wali, huongeza chapati ambazo bodaboda anaweza kuzipeleka kwa mteja aliyekwama dukani, na hanunui samaki. Udhaifu uliobaki ni kwamba taarifa hutolewa kwa mkoa mzima, ilhali maji yanayoingia Kigogo yanaweza kuwa yamenyesha Kisarawe huku Kigogo kukiwa na jua. Vipimo vya kina cha mto vikiwekwa juu, Pugu na Gongo la Mboto, na taarifa zake zikatumwa kwa wenyeviti wa mitaa na vijumbe wa michezo, wakazi wa bonde wangepata saa chache za kuinua unga, mkaa na majiko yao kabla maji hayajafika.